Mwanjala Bado Yuko Pangoni

Ronge, 9 Februari 2025

Mwanangu Donald,

Kitabu cha nne nimekimaliza leo baada ya kanisa. Kimenichukua wiki saba. Unajua mimi niliacha shule darasa la nne, nasoma kwa kidole, na neno likinishinda nalipita halafu narudi kulitazama tena, kama mtu aliyenisalimia njiani nikamsahau. Lakini nimemaliza, na sasa sina amani.

Kwa nini umemwacha Mwanjala ndani ya pango? Vitabu vinne namfuata huyu kijana, tangu alipokuwa mdogo anajifunza kuita ukungu ushuke mlimani. Nimemwona akipigana na jeshi la Mfalme wa Chumvi, nimemwona akipoteza mkono wa kushoto, nikalia. Halafu unamfikisha kwenye pango la vichwa vya wazee, yale mafuvu ya mababu, mtu anamuuza kwa maadui, jiwe linavingirishwa mlangoni, giza, na daftari limekwisha! Nikageuza nikaangalia hata nyuma ya jalada. Hakuna kitu, bei ya kaunta buku tu.

Mhubiri anayekuja huko kwenu, aliyeniletea daftari, anasema hapo gerezani wadi nzima wanangoja cha tano. Mimi pia ningoje? Kijana amekaa gizani bila maji.

Na yule joka wa kitabu cha pili alikwenda wapi? Aliruka akaenda kunywa maji ziwani, hakurudi. Nimemngoja vitabu viwili. Halafu vita vyako vinachukua siku kumi na hakuna hata mtu mmoja aliyepanda kunde. Hao watu wanakula nini?

Huku tuko sawa. Goti langu halitaki mteremko, ndiyo maana hujaniona tangu Krismasi ya mwaka juzi. Ronald anakujengea chumba upande wa migomba. Kuta zimefika kifuani. Anauliza, dirisha liangalie wapi, barabarani au mlimani? Mjibu ndugu yako, Donald. Miaka minne hujamwandikia hata salamu.

Nawe Afande unayesoma barua hii kabla ya mwanangu, hujambo. Usiikalie.

Mimi mama yako,
Loise


Gerezani, 2 Machi 2025

Mama,

Nimecheka mpaka Mzee Kilonzo akaniuliza kama nimepata barua ya kuachiliwa. Joka nilimsahau. Nakubali. Niliandika kitabu cha pili wakati ule nina malaria, na nilipopona sikukumbuka kwamba yuko ziwani. Kunde nitapanda.

Kilonzo ndiye anayelala kitanda cha karibu na changu. Ni Mkamba wa kule Miasenyi, alikuwa akiuza mahindi ya kuchoma kwa madereva wa malori. Macho yake hayaoni herufi, kwa hivyo jioni kabla ya kufungiwa namsomea kwa sauti, na watu arobaini wananyamaza. Hata askari wa zamu husimama dirishani anajifanya anahesabu. Mama, hapa ndani hakuna kitu kinachosonga isipokuwa hadithi hii. Ugali uko vilevile, ukuta uko vilevile. Mwanjala akitembea, sisi pia tunatembea.

Sasa hatembei. Nimeandika mwanzo wa kitabu cha tano mara tatu. Mara ya kwanza nilimtoa kwa ukungu, aligeuka ukungu akapita chini ya jiwe. Kilonzo akasema, "Kama angeweza hivyo, mkono wake si angeurudisha?" Nikachana. Mara ya pili akachimba kwa mfupa. Watu wakapiga miayo. Mara ya tatu wafu wakamsaidia, nikajionea aibu mwenyewe. Nikifunga macho naona mawe tu. Wakati mwingine nashindwa kupumua vizuri, kama ni mimi niliye mle.

Kitu kimoja ninakijua. Aliyemuuza ni Mcharo, ndugu yake mdogo. Na Mwanjala akitoka, kabla ya Mfalme wa Chumvi, kabla ya chakula, atamtafuta Mcharo nyumbani kwake na kummaliza mbele ya mke wake. Hicho ndicho kitabu cha tano.

Nimepunguziwa theluthi ya kifungo. Nitatoka tarehe kumi na mbili Septemba. Mwambie huyo asinijengee kitu.

Donald


Ronge, 23 Machi 2025

Mwanangu,

Tarehe kumi na mbili Septemba. Nimeiandika kwa makaa ukutani jikoni.

Halafu nikasoma hayo mengine nikaketi chini. Rita, mke wa Ronald, akaniuliza kama ni goti. Nikasema ni goti.

Nimemfikiria Mwanjala. Sikiliza, mimi si mwandishi, lakini nimefungua mitungi mingi iliyokwama. Kitu kilichofungwa kwa nje hakifunguliwi kwa ndani. Mwache akae atulie, atafute mahali pa kuegemea, aongee na hivyo vichwa vya wazee awaulize kosa ni nini. Labda mtu anakuja.

Na kuhusu Mcharo. Baba, una haraka gani na Mcharo? Nimerudi kitabu cha kwanza kumwangalia. Ukurasa wa hamsini na tatu anampa kaka yake kiatu chake, yeye anatembea pekupeku mpaka kwenye makaburi. Mtu wa namna hiyo anauza ndugu? Tena hujaandika mahali popote kwamba alisema. Umesema tu "mtu alisema". Na kama si Mcharo?

Ukinisikia, andika kwamba Mwanjala hakujua. Mtu asiyejua asishike mkuki.

Mvua za masika zimechelewa. Mahindi tumepanda kwa imani. Ronald amesimamisha kuta. Ameacha nafasi ya dirisha pande zote mbili mpaka useme.

Mama yako,
Loise


Gerezani, 13 Aprili 2025

Mama,

Kumbe sasa unataka kuniandikia kitabu! Nilimsomea Kilonzo barua yako. Amesema, "Huyo mama apewe kalamu, wewe upewe jembe." Sasa kila nikikwama ananiambia, "Uliza Ronge."

Lakini kwa Mcharo hapana. Na tusizungukane, Mama, wewe na mimi tunajua tunaongea juu ya nani.

Siku zile tatu nilipojificha kwenye pango la mafuvu, ni nani aliyejua? Watu wa kanisa hawakanyagi pale. Watoto wanaogopa hata kupaonyesha kwa kidole. Askari wa wanyama walipita bondeni mara mbili hawakuinua kichwa. Halafu asubuhi ya nne wakaja moja kwa moja, bila kutafuta, wakasimama mlangoni wakaita jina langu. Waliojua ni wawili. Mmoja ni wewe uliyeniletea viazi. Mwingine ni Ronald, aliyetega mitego ya waya porini pamoja nami, ambaye tulipokurupushwa alikimbia upande wake akafika nyumbani salama. Nyama ilikuwa yetu sote wawili. Miaka saba nikapewa peke yangu.

Kwa hivyo ni hesabu ya mtoto. Ukitoa Mama, anabaki mmoja.

Sikumtaja mahakamani. Nilimficha. Yeye alinionyesha.

Nimejaribu kumwacha, Mama. Wallahi nimejaribu, kama anavyosema jirani yangu wa kitanda cha pili. Lakini kila nikiandika Mwanjala anatoka, naona uso wa Mcharo pale nje, na kalamu haiendi. Siwezi kumtoa kwa sababu najua akitoka atafanya nini. Siwezi kumwacha ndani kwa sababu watu arobaini wako ndani pamoja naye.

Kilonzo anakohoa sana siku hizi. Amesema anataka kujua mwisho kabla hawajampeleka hospitali.

Donald


Ronge, 4 Mei 2025

Donald,

Barua hii usimsomee Kilonzo. Isome peke yako. Na Afande, nakuomba kama mama, ukiisoma uinyamazie.

Uliniondoa kwenye hesabu. Nirudishe.

Siku ya tatu nilikuwa kisiagini kusaga mahindi. Watu walikuwa wakisema askari wamechoka, kwamba ukionekana unakimbia porini hutaitwa, utapigwa risasi. Nikarudi na unga sijui nimepitaje njia. Nikamkuta Mzee Festus, yule mzee wa mtaa, Mungu amlaze pema, ameketi kwenye jiwe la kufulia. Akaniambia, "Loise, mimi mwenyewe nitakwenda nao. Atashikwa kama mtoto. Hakimu ataona ni kosa la kwanza, atampa kifungo cha nje, atalima barabara hapa karibu, atalala kwako." Akaniuliza, "Yuko wapi?"

Sikusema. Miaka hii yote nimejiambia hivyo, kwamba sikusema. Niliinua kidevu tu, kuelekea mlimani. Hivi. Kidogo sana. Hata kuku asingeshtuka.

Akaona.

Ronald alikuwa zizini. Aliniona nikiinua kidevu. Wewe uliposhikwa na ukaanza kusema ni yeye aliyekuuza, nilitaka kuja kukuambia, akanishika mkono mlangoni. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Akasema, "Mama, nyamaza. Mimi siku moja atanisamehe. Akikukosa wewe atabaki hana mtu." Nami nikanyamaza. Nilifurahi kunyamaza, mwanangu. Ndiyo aibu yangu kubwa. Nikamwacha abebe, na kila siku namwona akichanganya udongo wa chumba chako.

Ukiniambia nisikuandikie tena nitaelewa. Lakini Mcharo usimguse.

Loise


Ronge, 8 Juni 2025

Donald,

Barua ya tarehe nne Mei ulipata? Labda ilipotea. Mhubiri anasema aliikabidhi mkononi.

Mvua ilikuja yote kwa siku moja, ikabeba tuta la chini. Tumefungiwa huku ng'ambo ya kijito siku tano, hakuna kwenda dukani. Nimeanza kitabu cha kwanza upya. Sasa nasoma haraka kidogo. Nasikiliza mlango.

Niandikie hata neno moja. Hata la kunifukuza.

Mama


Gerezani, 22 Juni 2025

Kwako Mama Donald,

Hujambo mama. Mimi ni Kilonzo wa Muinde. Macho yangu ni ya mapambo, kwa hivyo anayeandika hii ni kijana mwingine wa wadi yetu, nami nasema.

Mwanao ni mzima. Anakula, si sana. Ila tangu katikati ya Mei hajashika kalamu. Daftari la tano ameliweka chini ya godoro na analilalia. Tulimuuliza, "Bwana, Mwanjala je?" Akasema, "Amekufa mle." Mama, kulikuwa na kelele hapa! Mtu mmoja wa kesi nzito, mwenye shingo kama gunia, alilia. Akasema yeye hajahukumiwa kunyongwa, kwa nini anyongwe na kitabu.

Sijui ulimwandikia nini na siulizi. Barua anayo mfukoni, imechakaa kwenye mikunjo kwa hivyo anaisoma. Mimi nimemwambia jambo moja tu. Nilimwambia, "Wewe Mtaita, hebu nieleze. Hawa watu wa Chumvi wana mikuki. Wanajua adui yao yuko pangoni. Kwa nini hawakuingia wakamchoma?" Akasema, "Kwa sababu ya jiwe." Nikasema, "Na jiwe aliliweka nani?" Akageukia ukutani. Mimi ni muuza mahindi, najua mtu anapotafuna.

Andika tena mama. Sisi wote tuko mle ndani na kijana wako, na mle hakuna hewa. Mimi mwenyewe kifua kinanipigia kengele.

Ni mimi,
Kilonzo


Ronge, 6 Julai 2025

Mwanangu Donald,

Mzee Kilonzo ameniandikia. Mpe pole ya kifua, achemshiwe maji.

Nilipokuandikia Mei nilikuambia nilifanya kwa hofu. Si uongo. Lakini nimekaa na barua ile kichwani, nikaona sikutoa yote. Nilitoa gunia nikabakisha kilicho chini.

Nilikuwa na hasira nawe.

Wiki ile kabla ya askari, nilikukuta nyuma ya nyumba unakata waya, Ronald amekaa karibu yako anajifunza. Nikakuomba umwache mdogo wako. Nikasema sheria siku hizi ni kali, nyama ya pori inafunga watu. Ukacheka. Ukaniambia, "Mama, wewe utanifunza nini? Darasa la nne?" Ronald naye akacheka kwa sababu wewe ulicheka.

Nikaingia ndani nikapika. Sikukujibu. Nikakuwekea chakula kama kawaida. Lakini lile neno lilikaa hapa. Na siku Festus aliponiuliza, kidevu kilipoinuka, robo tatu yake ilikuwa hofu, na robo moja ilikuwa lile neno. Sasa ndiyo nimesema yote.

Unajua walivyosema wazee wetu, hasira ya mzazi hata asipoitamka humshika mtoto, inamfunga njia. Mama yangu alipokuwa na kitu moyoni na mmoja wetu akaugua, alisimama mlangoni asubuhi na maji kinywani, akayapuliza nje, akasema moyo wangu umetoka kwako, uende. Ndiko waliita kutasa. Sisi tuliookoka tuliambiwa tuache. Nami niliacha. Nimeomba kanisani miaka minne na nusu ufunguliwe, na kumbe nilikuwa naomba huku nimeshika komeo kwa mkono mwingine. Mchungaji akijua tutaongea. Mungu ananijua na maji ni yake.

Huwezi kusimama mbele yangu, basi karatasi hii itasimama. Nimeiandika kwa kalamu ya wino, si penseli, na najua itakavyokuwa. Ukiona imetapakaa usidhani ni mvua, na usidhani ni machozi, ya machozi nimekutumia tayari.

Sasa hivi ni asubuhi, ukungu bado uko mlimani. Naweka kalamu. Nachukua kikombe.


Gerezani, 17 Agosti 2025

Mama,

Barua ilinifikia imekunjamana kama jani la tumbaku. Afande aliishika kwa vidole viwili akaniuliza kama huko kwetu kuna mafuriko. Nikamwambia, "Hapana, afande. Ni mama yangu." Akanitazama. Ni Mtaita wa Mwatate. Akanipa kwa mikono miwili.

Maneno mengi yametapakaa. Ya darasa la nne yanasomeka vizuri sana. Nimeyasoma mara nyingi kuliko yote. Nilikuwa nimeyasahau, Mama, hicho ndicho kinachonichoma. Wewe umeyabeba miaka mitano na mimi sikukumbuka hata kuyasema. Kama yule joka. Kisha ukachukua kidole chako ukasoma madaftari yangu manne, ukanifunza mahali nilipokosea kunde.

Nilikukasirikia, sitadanganya. Mei na Juni nilikuwa nakuandikia kichwani barua ambazo ni vizuri hazikuwa na karatasi. Asubuhi nilipopata yako nilichukua maji ya kunywa nikaenda kwenye kona ya choo, kwa sababu hapa hakuna mlango wa kusimama, nikafanya kama ulivyofanya. Yule mwenye shingo kama gunia akasema nimepata wazimu. Labda. Nilipumua.

Usiku huo sikuandika. Niliandika kesho yake, na kesho kutwa, na nimemaliza jana. Mzee Kilonzo alipelekwa hospitali siku ya Jumatano lakini nilikuwa nimemsomea pale alipopataka, kwa hivyo amekwenda akijua. Nawe ujue sasa, usingoje mhubiri.

Aliyevingirisha jiwe ni Malkia Mshai, mama yake Mwanjala. Nilikuwa nimeandika jiwe lile mwenyewe na sikuwahi kujiuliza. Alikuja na watu wa Chumvi nyuma yake, yeye ndiye aliyewaonyesha mlima, hilo sikulifuta. Lakini aliwatangulia mlangoni. Aliona mikuki, akaegemeza bega lake kwenye jiwe akafunga. Jiwe lilimfungia mwanawe, na jiwe lilimweka hai. Yote mawili. Nimejaribu kuondoa moja, hadithi haikubali.

Na ulisema kweli, kitu kilichofungwa kwa nje hakifunguliwi kwa ndani. Malkia amezeeka, goti lake halitaki mteremko, jiwe hawezi peke yake. Anasukuma na Mcharo. Mwanjala akitoka, macho yake hayaoni kwa sababu ya mwanga, na wa kwanza kumshika asianguke ni Mcharo. Mkuki uko pale chini. Nimeuacha uote kutu. Joka amerudi, amenenepa.

Mama, tarehe kumi na mbili Septemba ni Ijumaa. Usije. Mteremko ni mrefu na langoni hakuna pa kukaa. Mtume Ronald. Mwambie nitakuwa nimevaa ile shati ya buluu aliyokuwa akiiomba, imenibana sasa, itamtosha yeye.

Na mwambie dirisha liangalie mlimani.

Mwanao,
Donald